Mikono Impokeayo Mtoto
Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya akina mama, wakunga na wazee, Tingi

Jimbo letu la Mbinga lilizaliwa mwaka 1986, lilipomegwa kutoka Jimbo la Songea, na katika siku hizi za Jubilei tumesikia habari nyingi za makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa. Mimi nimeombwa niseme juu ya kazi isiyo na tofali hata moja, wala hapana jiwe la msingi liandikwalo kwa ajili yake. Ni kazi ya kumpokea mtoto mchanga, ili vijidudu vikaavyo katika ngozi za watu visimdhuru.

Pengine mtu atasema moyoni, "Jambo hili ni dogo." Basi asikie. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika nchi yetu mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa kati ya watoto 1000 wazaliwao hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Wengine hufa kwa kuzaliwa kabla ya wakati wao, wengine kwa kukosa pumzi saa ya kuzaliwa, na wengine kwa vijidudu viingiavyo mwilini na kuichafua damu yao. Juu ya hao wa mwisho ndiyo maneno yangu ya leo.

Nianze kwa kukiri kosa. Nilipokuwa mkunga kijana, niliitwa siku moja nyumbani kwa mzazi wa siku nane. Mtoto alikuwa na vipele vyenye usaha shingoni na kwapani, vichache tu, naye mama alikuwa na jipu ubavuni. Nikamsafisha mtoto, nikatoa dawa. Kisha, nikiwa mlangoni na mfuko wangu umekwisha kufungwa, nikawaambia wakwe zake, "Usaha huu mtoto ameupata kwa mama yake." Neno lenyewe pengine lilikuwa la kweli. Lakini sikusema neno la pili. Sikusema, "Hata hivyo, mwacheni anyonye."

Wazee wa nyumba ile, kwa kumpenda mtoto, wakamwondoa kifuani kwa mama yake. Wakamlaza kwa bibi, wakamnywesha uji mwepesi na maji ya kijito. Niliporudi baada ya siku sita sikumkuta mtoto. Alikuwa amezikwa jana yake. Vipele vilikuwa vimeanza kukauka, waliniambia. Kuharisha ndiko kulikomwua. Mama yake hakuniuliza kitu. Alikuwa ameketi upenuni, na nguo yake imelowa maziwa kifuani.

Tangu siku ile nimejifunza kusema maneno mawili pamoja, wala nisiseme moja bila jingine. La kwanza ni hili: vijidudu hupita kutoka kwa mtu mpaka kwa mtoto, nasi imetupasa kuvizuia. La pili: mtoto asitengwe na mama yake kwa sababu hiyo. Maneno hayo mawili ndiyo mazungumzo yangu yote. Yaliyobaki ni kuyaeleza.

Kwanza tujue vijidudu hivi ni vitu gani. Wataalamu huviita bakteria. Ni viumbe hai vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo vinakaa juu ya ngozi ya kila mtu, awe safi au mchafu, tajiri au maskini, padre au mkulima. Vingi havina madhara, bali hutulinda. Lakini vimo vilivyo vikali. Mmojawapo wa hao wakali huitwa stafilokoki, naye ndiye aletaye majipu, vipele vya usaha, na mara nyingine uvimbe wa matiti. Yapata watu 30 katika kila 100 wanaye puani mwao bila kuugua wala kujua. Mtu apengapo kamasi, au ajikunapo jipu, kisha akamshika mtoto bila kunawa, humpelekea mgeni asiyealikwa. Ngozi ya mtu mzima ni kama ukuta mnene. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, na kitovu chake ni kidonda kibichi. Hapo ndipo mgeni yule apatapo mlango.

Pengine mtatokea wa kuuliza, "Ikiwa ndivyo, si afadhali mtoto akae mbali na ngozi ya mama yake?" La, sivyo. Mtoto hazaliwi akiwa na ulinzi wa vijidudu juu ya ngozi yake. Siku ya kuzaliwa ngozi yake ni kama shamba jipya, na shamba jipya halikai tupu. Ninyi mlimao ngoro mwalijua jambo hili kuliko mimi. Mkiisha kulaza majani na kuyafunika kwa udongo, mwapanda upesi, maana kisipoota mlichokipanda, yataota yasiyopandwa na mtu. Ndivyo ilivyo ngozi ya mtoto. Vijidudu vya kwanza kuikalia vikiwa vile vipole vya mama yake, vikali hupata nafasi ndogo. Tena, mama ambaye mwili wake umezoea vijidudu vya nyumba yake humpa mtoto kinga dhidi ya vijidudu hivyo hivyo katika maziwa, na zaidi sana katika yale maziwa ya kwanza ya manjano, ambayo bibi zetu wengine waliyakamua na kuyamwaga. Msiyamwage. Hayo ndiyo dawa ya kwanza ya mtoto.

Mambo haya hayakujulikana kwa siku moja, tena watu walijifunza kwa machozi. Katika miaka ya 1950, hospitali nyingi za Marekani, Ulaya na Australia zilikuwa na desturi ya kuwatenga watoto na mama zao mara wazaliwapo, na kuwalaza pamoja katika chumba kimoja kikubwa, kusudi wawe safi. Kumbe stafilokoki mkali aliingia katika vyumba vile, akapita kutoka kitanda hata kitanda. Mwaka 1962 madaktari wa mji wa Cleveland, huko Marekani, walionyesha ya kuwa mikono ya wauguzi isiyonawiwa ndiyo iliyombeba zaidi. Basi chumba kile kilichojengwa ili kuwaepusha watoto na vijidudu kilikuwa kimewatoa kwa mama mmoja na kuwatia katika mikono ya watu wengi.

Wengine walitaka kuviua vijidudu vyote kwa dawa kali. Watoto wakaoshwa kwa dawa iitwayo heksaklorofini, na vipele vikapungua kweli. Lakini mwaka 1972 huko Ufaransa poda ya watoto ilitiwa dawa hiyo kupita kiasi kwa makosa ya kiwandani; ikapenya katika ngozi zao nyembamba, na watoto 36 wakafa. Hivyo twajifunza ya kwamba ngozi ya mtoto haitaki kusuguliwa kwa dawa kali, kama vile shamba halitengenezwi kwa kulichoma moto kila siku.

Basi, ikiwa mama asiondolewe, wala ngozi ya mtoto isichomwe kwa dawa, tufanye nini? Tuangalie mikono.

Huko Vienna, mji mkuu wa Austria, ilikuwako hospitali kubwa yenye wodi mbili za wazazi. Katika wodi ya kwanza walihudumu madaktari na wanafunzi wao. Katika ya pili, wakunga. Mwaka 1846, katika wodi ya kwanza walikufa kwa homa ya uzazi yapata akina mama 11 katika kila 100. Katika ya pili hawakufika 3. Akina mama walijua jambo hili, wakalia na kuomba wasipelekwe wodi ya kwanza. Daktari mmoja kijana, jina lake Ignaz Semmelweis, akatafuta sababu. Mwisho akatambua ya kuwa madaktari walitoka katika kupasua maiti, wakaja moja kwa moja kuwashika wazazi. Mwezi wa Mei mwaka 1847 akaagiza kila mtu anawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Katika muda wa miezi michache vifo vikashuka hata vikawa karibu na vile vya wodi ya wakunga. Lakini wakubwa wengi hawakumsadiki, maana ni vigumu kwa mtu mwenye elimu kukubali ya kwamba mkono wake mwenyewe ndio ulioleta mauti. Akafa mwaka 1865 bila kupewa heshima yake.

Msidhani habari hiyo ni ya zamani na ya mbali tu. Karibu na siku zetu, watafiti walikaa katika wodi za uzazi za Zanzibar zenye wazazi wengi, wakawatazama wahudumu kazini. Waliona ya kuwa kabla ya kazi zihitajizo mikono safi kabisa, mikono ilinawiwa au kupakwa dawa mara 1 tu katika kila 4. Na waliofuata taratibu zote, yaani kunawa, kuvaa glavu, na kutogusa tena kitu kichafu, walikuwa kama mara 1 katika kila 10. Nusu ya mara zile mikono ilipokuwa imenawiwa au kuvikwa glavu, ilichafuliwa tena kabla ya kumfikia mama. Mtu amevaa glavu, kisha akafungua mlango, akavuta kitanda, akashika daftari, ndipo akamshika mzazi. Glavu humlinda mwenye kuivaa. Mtoto hulindwa na mkono usioshika kitu kingine. Siwataji hao ili niwalaumu. Wengi wao hufanya kazi peke yao usiku, na wazazi watatu kwa wakati mmoja. Nataka tuone tu ya kuwa kosa la mikono ni kosa letu sote tuliosoma na tusiosoma, wala si la mama peke yake.

Sasa niwaambie mambo ya kufanya, nanyi mkayafundishe nyumbani.

Jambo la kwanza, mkono. Yeyote amshikaye mtoto mchanga, awe baba, shangazi au mgeni, anawe kwanza kwa maji yanayotiririka na sabuni. Maji ya karai moja wanamonawa watu kumi si maji ya kunawa tena. Pasipo bomba, fungeni kibuyu chirizi mlangoni, na kipande cha sabuni ya mche kando yake. Watoto wa shule watawaonyesha namna ya kukitengeneza. Sugueni viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, na chini ya kucha. Kisha mikono ikauke kwa hewa au kwa kitambaa safi, wala si kwa kanga iliyofungwa kiunoni tangu asubuhi. Mama naye anawe atokapo chooni, atokapo shambani, amalizapo kuparua usipa, amalizapo kumbadili mtoto nguo, na kabla ya kunyonyesha.

Jambo la pili, kitovu. Kikatwe kwa wembe mpya, kifungwe kwa uzi au kibanio safi, kiachwe wazi na kikavu mpaka kianguke chenyewe. Kisipakwe majivu, wala mafuta, wala udongo, wala mavi ya ng'ombe. Katika udongo na mavi hukaa kijidudu cha pepopunda, ambacho zamani kiliwachukua watoto wengi. Mwaka 2012 nchi yetu ilithibitishwa kuwa imeishinda pepopunda ya watoto wachanga, kwa chanjo za akina mama na kwa uzazi ulio safi. Tusiirudishe kwa mikono yetu wenyewe.

Labda mtu ataniuliza juu ya dawa ya kitovu iitwayo klorheksidini. Dawa hiyo imeokoa watoto huko Nepali na Bangladeshi. Lakini ilipojaribiwa kisiwani Pemba, tangu mwaka 2011 hata 2014, kwa watoto karibu 37,000, wale waliopakwa walikufa 10.5 katika kila 1000, na wale ambao kitovu chao kiliachwa kikavu tu walikufa 11.7. Tofauti ni ndogo, haikutosha kuthibitisha ya kwamba dawa ndiyo iliyookoa. Basi mhudumu wa afya akikupa dawa hiyo, ifuate kama alivyokuagiza. Asipokupa, usisikitike, wala usitafute kitu kingine cha kupaka. Kitovu safi na kikavu kinatosha.

Jambo la tatu, kuoga. Mtoto akizaliwa, apanguswe akauke, kisha awekwe mara moja kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, afunikwe kwa nguo safi, aanze kunyonya katika saa ya kwanza. Asiogeshwe mpaka zipite saa 24. Ule utando mweupe unaomfunika kama siagi si uchafu. Ni vazi alilovikwa na Muumba tumboni, nao humkinga na baridi na vijidudu. Najua mabibi wengine huona haya kumwonyesha mgeni mtoto asiyeogeshwa. Mgeni na angoje.

Jambo la nne, watoto waliozaliwa wadogo mno. Hao zaidi ya wote wasiondolewe kifuani. Kati ya mwaka 2017 na 2020 ulifanyika utafiti katika nchi tano, yaani Ghana, India, Malawi, Nigeria, na hapa Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3200 wenye uzito usiofika kilo 1.8. Nusu yao waliwekwa kifuani kwa mama zao mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja wapate nguvu kwanza. Nusu walitunzwa kwanza kando kama ilivyokuwa desturi. Kati ya waliokaa kifuani walikufa 12 katika 100. Kati ya waliotengwa, karibu 16. Na waliodhaniwa kuwa na vijidudu katika damu walikuwa 23 katika 100 kwa wale wa kifuani, na 28 kwa wale wengine. Tazameni jambo hili, maana ndilo jibu la swali letu. Waliogusana na ngozi ya mama zaidi ndio walioshikwa na vijidudu kidogo.

Jambo la tano, mama mwenye jipu au upele. Apelekwe kituo cha afya, apewe dawa. Jipu lifunikwe kwa kitambaa safi, lisimguse mtoto, na nguo iliyoshika usaha ichemshwe na kuanikwa juani. Naye aendelee kunyonyesha. Hata titi likivimba na kuuma, anyonyeshe. Maziwa yakikaa ndani uvimbe huzidi. Ikiwa jipu liko juu ya titi lenyewe, karibu na chuchu, anyonyeshe titi la pili, na hilo bovu alikamue mpaka mhudumu amwambie. Wala mtu yeyote asimwambie ya kuwa maziwa yake ni machafu. Neno hilo laweza kuua, mimi nimeona.

Jambo la sita, dalili za hatari. Mtoto akikataa kunyonya, au akilegea asiamke, au akipata degedege, au mwili ukiwa moto sana au baridi sana, au akipumua mbio hata kufikia mara 60 kwa dakika moja au zaidi, au ngozi ya kuzunguka kitovu ikiwa nyekundu na usaha ukitoka, au vipele vya usaha vikienea, msingoje kupambazuke. Msimpeleke kwanza kwa mwenye mizizi. Mchukueni hospitali usiku huo huo, akiwa amefungwa kifuani kwa mama yake, ananyonya njiani kama aweza. Mtoto mchanga hana akiba ya siku. Ana akiba ya saa.

Nanyi mabibi na mama wakwe, nina neno nanyi. Mzazi kijana hana nguvu ya kumwambia mgeni, "Nawa mikono kwanza." Atamwonea haya shangazi wa mumewe; atamwogopa mama mkwe. Basi mseme ninyi kwa niaba yake. Ketini mlangoni pamoja na kibuyu, kila ajaye kumwona mtoto mmwelekeze kwenye maji. Asiyetaka, na amsalimu mtoto kwa macho. Mwenye mafua au jipu, na arudi atakapopona. Zawadi yake itapokelewa. Hiyo ndiyo heshima ya kweli kwa mgeni na kwa mtoto pia.

Mwisho nawaomba mkumbuke jambo tulionalo katika kila Misa. Padre, kabla ya kuishika Hostia, husogea pembeni ya altare, mtumishi akammiminia maji, naye akanawa vidole vyake. Hapana Mkristu adhaniye ya kuwa Padre anajidharau kwa kunawa, wala ya kuwa altare ni chafu. Ananawa kwa sababu ya kile atakachokishika. Nasi tunaompokea mtoto, aliyeumbwa kwa sura ya Mungu, tunawe kwa sababu iyo hiyo. Kisha tumrudishe upesi mahali pake, kifuani kwa mama yake.

Nimewaambia neno la kwanza na la pili. Mwendapo nyumbani, wa ufukoni na wa milimani, msichukue moja mkaacha jingine njiani.

Tumsifu Yesu Kristu.